Maneno ya Kiingereza yenye maana zaidi ya moja: mwongozo kamili kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Maelekezo ya kutumia salfa kwenye mikorosho, yakiandikwa kwa Kiingereza, huweza kuanza hivi: "Dust the trees early in the morning." Mpe karatasi hiyo kijana wa Tandahimba aliyemaliza kidato cha nne amsomee baba yake. Anajua "dust" ni vumbi. Shuleni alijifunza "dust the table", yaani futa vumbi mezani. Akiunganisha hayo mawili atamwambia mzee akafute vumbi kwenye mikorosho alfajiri. Kumbe hapo "dust" ina maana iliyo kinyume kabisa: puliza unga. Salfa ya unga hupulizwa asubuhi na mapema kwa sababu hewa imetulia na umande bado uko kwenye majani na maua, hivyo unga unanata na kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Neno ni lile lile. Mezani linaondoa unga, shambani linauweka.

Kiingereza kina maneno mengi sana ya namna hii, na hayaepukiki. Kwa kawaida maneno mafupi yanayotumika kila siku ndiyo yenye maana nyingi zaidi. Kitenzi "run" peke yake kina maana zinazofikia mamia katika kamusi kubwa. Hakuna atakayezikariri zote, na hakuna haja. Kinachohitajika ni utaratibu wa kujua maana ipi imekusudiwa unaposoma au kusikiliza, na wa kumwezesha msomaji wako ajue wewe umekusudia ipi unapoandika.

Tuanze na jambo ambalo sisi waongeaji wa Kiswahili tunalo tayari. Nikisema "ndege amechelewa" na "ndege imechelewa", hakuna atakayechanganya kiumbe mwenye mabawa na chombo kinachotua Mtwara. Nikisema "mbuzi huyu" unamwona mnyama, nikisema "mbuzi hii" unaona kifaa cha kukunia nazi. Paa huyu anakimbia porini, paa hili linavuja. Ngeli ndizo zinazotufanyia kazi ya kutenganisha maana, na zinaifanya kimyakimya hata hatuioni.

Kiingereza hakina ngeli za namna hiyo. Ndiyo maana Mswahili anayesoma Kiingereza hujikuta amelishika neno lakini hana pa kulipima. Lakini alama zipo, ila zimewekwa mahali pengine: kwenye nafasi ya neno katika sentensi, kwenye "a" na "the" na "s" ya wingi, kwenye vihusishi kama "in", "on" na "for", kwenye fani inayozungumzwa, na katika matamshi, kwenye mkazo. Hatua zinazofuata zinakuonyesha namna ya kuzitafuta alama hizo moja baada ya nyingine. Ukizizoea, jicho litazikamata lenyewe kama linavyokamata "huyu" na "hii".

Hatua ya kwanza: Maliza sentensi kabla ya kutafsiri neno

Usisimame kwenye neno unalolijua na kulipa maana uliyoizoea. Soma hadi kituo, kisha rudi nyuma. Makosa mengi ya maana hutokea kwenye maneno tunayoamini tunayajua. Neno geni hutupeleka kwenye kamusi, lakini neno kama "dust", "fine" au "account" hatulitilii shaka.

Kwa hiyo kipimo ni hiki: maana uliyoichagua ikifanya sentensi iwe ya ajabu, kosa haliko kwenye sentensi. Mkorosho kufutwa vumbi ni jambo la ajabu. Hapo rudi, utafute maana nyingine.

Hatua ya pili: Jua kama ni jina la kitu au ni tendo

Kiswahili kinatofautisha waziwazi kati ya vumbi na kufuta, kati ya meli na kusafirisha. Kiingereza hutumia umbo moja kwa yote mawili. "The ship is in port" inazungumzia meli iliyoko bandarini. "We ship raw cashew to India" inazungumzia kusafirisha, na wala si lazima meli yenyewe itajwe.

Tazama kinachotangulia neno. Likitanguliwa na "a", "the", "my", "this" au "some", ni nomino, hata kama kuna kivumishi katikati: "the large store" ni ghala kubwa. Likitanguliwa na "to", "will", "must", "should", "can" au "not", ni kitenzi: "you must store the bags in a dry place", yaani lazima uhifadhi magunia mahali pakavu. Likitanguliwa na mtendaji moja kwa moja, ni kitenzi pia: "farmers store their crop".

Kuna mahali pa hatari zaidi kuliko pengine pote, nako ni mwanzo wa maelekezo. Sentensi za kuamrisha katika Kiingereza huanza na kitenzi kisichotanguliwa na neno lolote. "Dust", "Store", "Ship", "Mind", "Book", "Water", "Empty": kwenye karatasi ya dawa, mashine au mtihani, neno la kwanza lichukulie kuwa ni agizo mpaka uthibitishe vinginevyo. "Water the seedlings" haisemi maji ya miche, inasema mwagilia miche. "Empty bags" na "Empty the bags" zinatofautiana kwa "the" tu: ya kwanza ni magunia matupu, ya pili inakuamuru umwage yaliyomo.

Hatua ya tatu: Soma "a", "the" na "s" kwa uzito wake

Hapa ndipo sisi tunapopoteza alama nyingi zaidi, kwa sababu Kiswahili hakina "a" wala "the", na wingi kwetu hukaa mbele ya neno. Jicho la Mswahili huruka "s" ya mwisho bila kujua kwamba imeruka. Lakini katika maneno mengi "s" hiyo haiongezi idadi, inabadilisha maana yenyewe.

"Custom" ni desturi, kama desturi za jando na unyago. "Customs" ni forodha. "The goods were held at customs" haina uhusiano wowote na mila, mzigo umezuiliwa forodhani. Na "goods" yenyewe si wingi wa uzuri, ni bidhaa.

"Damage" ni uharibifu. "Damages" ni fidia ambayo mahakama inaamuru ilipwe. Ukiandika barua ya madai na kusema "we caused damages" ukitaka kusema mlisababisha uharibifu, umeandika kitu ambacho mwanasheria wa upande wa pili atakisoma mara mbili. Mwenye kudai anaandika hivi: "We claim damages for the damage to our warehouse." Maneno mawili yanayokaribiana, moja ni pesa, jingine ni hasara iliyotokea.

"Minute" ni dakika. "The minutes" ni kumbukumbu za kikao, na katibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, akiambiwa "please read the minutes of the last meeting" anatakiwa afungue daftari, asitazame saa. "Premise" ni hoja ya msingi, "premises" ni eneo na majengo yake. "Arm" ni mkono, "arms" inaweza kuwa mikono au silaha, na hapo itabidi uende hatua ya tano. "Mean" ni wastani au ni mtu mchoyo, "means" ni njia au uwezo wa kifedha. "People" ni watu, lakini "peoples" ni jamii au makabila: "the Makonde, the Mwera, the Yao and the Makua are peoples of southern Tanzania" ni sentensi sahihi kabisa, na anayefuta "s" hiyo akidhani ni kosa anaharibu maana.

Sasa "a". Kitu kisichohesabika kikipewa "a" kinageuka kuwa kitu kimoja kamili. "Iron" ni chuma, "an iron" ni pasi. "Paper" ni karatasi, "a paper" ni makala ya kitaaluma au mtihani mmoja: "she presented a paper on cashew diseases" ni mtafiti aliyewasilisha makala, si aliyegawa karatasi. "Work" ni kazi, "a work" ni utungo au kazi ya sanaa, kwa hiyo kinyago cha Mmakonde kinaweza kuitwa "a work".

Mhudumu wa afya ana mfano ulio muhimu kuliko mifano yote hii. "The patient has a discharge" inamaanisha mgonjwa anatokwa na uchafu au usaha sehemu fulani. "The patient has been discharged" inamaanisha ameruhusiwa kwenda nyumbani. Tofauti iko kwenye "a" na kwenye "been" na "ed", vitu vidogo ambavyo mtu mwenye haraka haoni. Katika faili la mgonjwa haraka hiyo si ya kuvumilika.

Hatua ya nne: Kamata kihusishi kinachofuata

Neno "charge" likiwa peke yake halisemi lolote la uhakika. Lipe jirani yake uone. "They charge for storage" ni kutoza malipo ya kuhifadhi. "He was charged with theft" ni kushtakiwa kwa wizi. "She is in charge of the warehouse" ni kusimamia ghala. "Charge the phone" unaijua. Kwa hiyo ukijifunza "charge", usijifunze neno moja. Jifunze "charge for", "charge with" na "in charge of" kama maneno matatu tofauti yanayofanana sura.

"Interest" nayo ni hivyo hivyo, na kwenye mkopo inagusa mfuko. "Interest on the loan" ni riba ya mkopo. "Interest in the loan" ni kuvutiwa na mkopo huo. "In the interest of farmers" ni kwa maslahi ya wakulima. Herufi mbili, "on" au "in", ndizo zinazokuambia kama kuna pesa ya kulipa.

Kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, neno la kuwa nalo macho ni "account". Swali likisema "Account for the failure of the Groundnut Scheme", linataka sababu: kwa nini mradi wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea ulishindwa hadi ukafutwa mwaka 1951. Hapo unaandika kuhusu mvua zisizotosha, udongo uliokuwa mgumu wakati wa kiangazi, mitambo iliyoharibika, mipango ya haraka bila majaribio. Swali likisema "Give an account of the Groundnut Scheme", linataka masimulizi: ulianzaje, ulipita wapi, bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwaje kwa ajili yake, uliishaje. Mwanafunzi anayejua historia yote hiyo lakini akasimulia pale alipoulizwa sababu atapoteza maksi za jambo analolijua. Inauma kuliko kukosa usilolijua. "On account of" ni kitu kingine tena, maana yake ni "kwa sababu ya".

Fanya zoezi hili: chukua ukurasa mmoja wa Kiingereza, pigia mstari kila "in", "on", "for", "with", "of", "to", "out" na "over", kisha soma neno lililo kabla yake pamoja nacho kama neno moja. "Run out of" ni kuishiwa. "Run into" ni kukutana kwa bahati au kugonga. "Run over" ni kukanyaga kwa gari. "Run for" ni kugombea cheo. Hakuna hata moja hapo inayohusu kukimbia.

Hatua ya tano: Uliza uko kwenye fani gani

Nafasi ya neno, "s" na vihusishi vikikuacha bado njia panda, tazama mazungumzo yanahusu nini. Kila kazi ina maana zake kwa maneno ya kawaida, na mikoa yetu miwili ina kazi nyingi zinazokutanisha watu na Kiingereza cha aina tofauti.

Anza na gesi. Gesi ya Songo Songo, wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Tangu hapo Kiingereza cha gesi kimekuwa sehemu ya maisha ya kazi huku. "Well" hapa si "vizuri" wala kisima cha maji, ni kisima cha gesi. "Field" si shamba wala uwanja wa mpira, ni eneo lenye gesi ardhini. "Plant" ya Madimba ni kiwanda cha kusafisha gesi, si mmea. Ukisoma kuhusu mradi unaopangwa Likong'o, Lindi, utakuta "LNG train" (LNG ni gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika). Hakuna reli hapo. "Train" ni mlolongo wa mitambo unaosafisha na kupoza gesi hadi iwe kimiminika. Fundi akikuambia wamepitisha "a pig" kwenye bomba, anazungumzia kifaa kinachosukumwa ndani ya bomba kulisafisha au kulikagua, na kwa msomaji Mwislamu wa pwani ni vizuri kulijua hilo mapema. Na "Christmas tree" ni mkusanyiko wa vali juu ya kisima.

Korosho ina msamiati wake pia. "Cashew apple" ni bibo, si tufaha. "Nut" kwa mkulima ni korosho, kwa fundi baiskeli ni nati. "Shell" ni ganda, ila ukiwa ufukweni ni kombe au kome. "Raw cashew" ni korosho ghafi, ile iliyokaushwa vizuri lakini haijabanguliwa. Ukiitafsiri "korosho mbichi" utamfanya mnunuzi adhani haijakauka. Kwenye mnada "lot" ni fungu linalouzwa kwa pamoja, si "nyingi". Kwenye madaraja ya korosho iliyobanguliwa utakuta "W320": hizo ni punje nzima nyeupe, na 320 ni idadi ya juu ya punje katika ratili moja ya takribani gramu 454, kwa hiyo namba ikipanda punje zinakuwa ndogo. Utakuta pia "splits" na "butts". "Splits" ni punje zilizopasuka katikati kwa urefu, "butts" ni zilizovunjika kwa upana huku pande zake mbili zikiwa bado zimeshikana. Nje ya kiwanda neno hilo la pili ni makalio. Ndani ya kiwanda ni daraja la bidhaa, na hakuna wa kulionea aibu.

Waongoza watalii nao wajiandae. Kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, ndipo Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, na mifupa mikubwa kuliko yote iko Berlin hadi leo. Vitabu vinaandika "the Tendaguru Beds". Hivyo si vitanda. "Bed" katika jiolojia ni tabaka la mwamba. Vinaandika pia "the mounted skeleton", na hapo "mount" haihusu kupanda mlima, ni kuunganisha mifupa na kuisimamisha. Kilwa Kisiwani, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, utasoma kwamba masultani "struck copper coins". Hawakuzipiga sarafu kwa hasira, walizifua. Mahali pa kufulia sarafu panaitwa "mint", neno ambalo jikoni ni mnanaa.

Darasani tofauti hii ya fani inaumiza wanafunzi wa kidato cha kwanza kwa namna ya pekee, maana wametoka shule ya msingi wakisoma kwa Kiswahili na sasa kila somo linawajia kwa Kiingereza. "Solution" katika kemia ni myeyusho, katika hisabati ni jibu, kwenye siasa ni ufumbuzi. "Product" katika hisabati ni zao la kuzidisha, katika biashara ni bidhaa. "Power" katika hisabati ni kipeo, katika fizikia ni kasi ya kufanya kazi, nyumbani ni umeme. "Work" katika fizikia ni kali zaidi: ukisukuma ukuta mpaka jasho likutoke na ukuta usisogee, hujafanya "work" yoyote juu ya ukuta huo. Mwalimu wa somo ndiye anayepaswa kusema hayo siku neno linapoingia. Asipoyasema, mwanafunzi na aulize.

Chukua sentensi hii ya bandarini uipitishe kwenye hatua zote: "The port will discharge the vessel at first light." "Port" ina "the" mbele yake, ni nomino, na tuko kwenye usafiri wa majini, kwa hiyo ni bandari, yaani watendaji wake, si tundu la kuchomekea waya kwenye kompyuta. "Discharge" imetanguliwa na "will", ni kitenzi, na kinachofuata ni meli, si mgonjwa: ni kupakua. "Vessel" jikoni ni chombo, kwenye biolojia ni mshipa, hapa ni meli. "Light" ina "first" mbele na "at" kabla yake, "at first light" ni alfajiri mara mwanga unapotokea. Maneno manne yenye maana nyingi katika mstari mmoja, na yote yamefunguka bila kamusi.

Hatua ya sita: Sikiliza mkazo

Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ko-RO-sho. Ma-SA-si. Tunaufanya bila kufikiri. Neno la Kiingereza lenye silabi mbili likiingia mdomoni mwa Mswahili, mkazo unakwenda silabi ya kwanza kwa mazoea hayo hayo. Shida ni kwamba katika jozi nyingi za Kiingereza, mkazo wa mwanzo unamaanisha nomino na mkazo wa mwisho unamaanisha kitenzi.

"PRO-duce" ni mazao, "pro-DUCE" ni kuzalisha. "OB-ject" ni kitu, "ob-JECT" ni kupinga. "PER-mit" ni kibali, "per-MIT" ni kuruhusu. "RE-fuse" ni takataka, "re-FUSE" ni kukataa. "REC-ord", "PRES-ent", "CON-tract", "EX-port" na "IM-port" nazo hufuata mtindo huo. Maana yake ni kwamba nomino tutazipatia bila jasho. Vitenzi ndivyo vya kufanyia mazoezi. Sema kwa sauti, taratibu: "Farmers here pro-DUCE good PRO-duce." Rudia mpaka ulimi ukubali kuhama.

Kuna pia yanayoandikwa sawa na kusomeka tofauti. "Lead" ikisomwa "liid" ni kuongoza, ikisomwa "led" ni madini ya risasi. "Tear" ni chozi au kuchana. "Wind" ni upepo au kuzungusha. "Minute" ikisomwa "minit" ni dakika, ikisomwa "mainyuut" ni ndogo mno. Haya ni ya kukariri tu, hayana kanuni.

Hatua ya saba: Unapoandika, usimwachie msomaji kazi ya kubahatisha

Andika, kisha jisomee kama mtu asiyekujua. Ukiona neno linaweza kusomeka kwa njia mbili na zote zikaleta maana, una dawa mbili: badilisha neno, au liongezee jirani.

"The cashew plant is in Masasi." Mkorosho au kiwanda? Andika "cashew tree" au "cashew factory". "The board sanctioned the buyer." Bodi imemwidhinisha au imemwadhibu? Neno hili lina maana hizo mbili zinazopingana, na sentensi haisaidii. Andika "approved" au "penalised". "Oversight" nayo ni usimamizi au ni jambo lililosahaulika kwa bahati mbaya: "through our oversight" inaweza kukuvika sifa au lawama. "Last season" ni msimu uliopita au msimu wa mwisho? Kama una mwaka, utaje. "Biweekly" hata Waingereza wenyewe huielewa kwa njia mbili, andika "twice a week" au "every two weeks".

"Outstanding" nataka uishike vizuri. Mbele ya mtu au kazi ni sifa: "an outstanding student" ni mwanafunzi bora. Mbele ya pesa ni deni ambalo halijalipwa: "your outstanding balance" si salio la kujivunia, ni kiasi unachodaiwa. Barua za ada za chuo na za mikopo huandikwa hivyo, na anayezisoma kwa furaha anachelewa kulipa.

Kumbuka pia msomaji wako anatoka nchi gani. Shule zetu hufuata Kiingereza cha Uingereza. Mwingereza akisema "to table a proposal" anaileta ijadiliwe, Mmarekani akisema hivyo anaiweka kando isijadiliwe. "Scheme" kwa Mwingereza ni mradi tu, ndiyo maana ule wa karanga ukaitwa hivyo, lakini Mmarekani mara nyingi husikia harufu ya hila. Ukimwandikia mnunuzi wa Marekani kuhusu mradi wenu, tumia "project".

Na kuna mtego unaotoka upande wetu. Kuazima kwetu ni kutoa na kupokea, Kiingereza kina "lend" na "borrow". Mkono wetu ni "hand" na "arm", mguu ni "leg" na "foot". Kusoma ni "read" na "study". Hapo Kiswahili ndicho chenye neno moja, na lazima uchague kabla ya kuandika.

Hatua ya nane: Kamusi, simu na daftari

Katika kamusi ya Kiingereza ya wanaojifunza, kila maana ina namba yake. Usichukue namba moja kwa kuwa iko juu. Tambua kwanza kama neno lako ni nomino au kitenzi, nenda kwenye sehemu hiyo, kisha soma mifano ya sentensi kabla ya maelezo. Mfano unaofanana na sentensi yako ndio wenye maana yako.

Programu ya kutafsiri kwenye simu usiipe neno moja, kwa sababu haina cha kupimia. Ipe sentensi nzima, au hata aya. Kisha chukua Kiswahili ilichokupa, ukirudishe kwenye Kiingereza uone kama unapata ulichoanza nacho. Kwa mkataba, dawa au faili la hospitali, hilo halitoshi. Mtafute mtu wa fani hiyo.

Kwenye daftari usiandike "charge = kutoza". Andika sentensi nzima yenye kitu unachokiona kila siku: "They charge for storage at the warehouse." Acha nafasi chini yake kwa ajili ya maana nyingine zitakapokuja.

Hatua ya tisa: Uliza kwa maneno yanayofunga mlango

Ukizungumza na mgeni na neno likakutatiza, usiseme "I don't understand" pekee, kwa sababu atarudia sentensi ile ile kwa sauti kubwa zaidi. Mpe maana mbili achague: "Sorry, by 'discharge', do you mean send the patient home, or fluid from the wound?" "By 'plant', do you mean the factory or the tree?" Kiunzi ni kimoja, "by hili, do you mean hili or hili", na unaweza kukitumia bandarini, kliniki, kwenye mnada au darasani. Akishajibu, rudia jibu lake kwa maneno yako kabla hujaenda kutekeleza: "So you want us to dust the trees, to put the sulphur on." Kama umekosea, atakusahihisha hapo hapo, salfa ikiwa bado kwenye mfuko.